EMDR kwa mtu mzima aliyeumizwa utotoni: tathmini ya tiba yenyewe na ya wanaoitoa

EMDR ni tiba ya kuchakata kumbukumbu chungu huku macho yakifuata kitu kinachokwenda kushoto na kulia. Mtu mzima anapoanza kutafuta msaada kwa madhara ya malezi ya kipigo, matusi, kutelekezwa au kudhalilishwa kingono, jina hili ni miongoni mwa ya kwanza kutajiwa. Hukumu yetu tunaitoa mapema: ni tiba nzuri, ina ushahidi, na wapo wengi iliowafikisha mahali ambapo miaka ya mazungumzo matupu haikuwafikisha. Tatizo ni kwamba utaratibu wake wa kawaida hufaa zaidi mtu mwenye tukio moja la kushika, mfano ajali au uvamizi. Aliyekulia ndani ya hofu hana tukio moja. Ana miaka, na waliomuumiza mara nyingi ndio haohao waliomlisha na kumvika. Kwa mtu huyo tiba ileile lazima irekebishwe, na si kila anayeitoa anajua kuirekebisha.

Mwanasaikolojia wa Marekani Francine Shapiro aliianza mwaka 1987 na kuchapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika mapendekezo yake mwaka 2013. Tatizo lenyewe tunalolizungumzia, yaani msongo changamano wa baada ya kiwewe, lilielezwa kwa jina hilo na daktari Judith Herman mwaka 1992, lakini halikupata namba rasmi ya ugonjwa hadi ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Namba yake ni 6B41. Kwa hiyo mtaalamu aliyesomea EMDR zamani anaweza kuwa hodari sana kwa manusura wa ajali na bado akawa hajafundishwa lolote kuhusu mtu aliyevunjwa polepole tangu akiwa na miaka 3.

Vipimo vya mwanzo

Huduma nzuri huanza kwa kupima, na vipimo vyenyewe havichoshi. Dodoso la ITQ lina maswali 18, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 4. Nusu yanahusu dalili za kawaida za kiwewe: kulirudia tukio kana kwamba linatokea sasa, kukwepa yanayolikumbusha, na kuishi ukiwa umejihami. Nusu ya pili ndiyo inayotenganisha kiwewe changamano na kile cha kawaida: hisia zisizotawalika, ziwe za kulipuka au za kufa ganzi, kujiona huna thamani, na ugumu wa kukaa karibu na watu. Mtu aliyelelewa kwa dharau anaweza asiwe na ndoto mbaya hata moja, lakini nusu hii ya pili ikawa imejaa alama 3 na 4.

Kipimo cha pili kinarukwa mara nyingi mno, nacho ndicho tunachokililia zaidi. Ni cha kuhama kwa akili: kuzubaa ukapotewa na dakika kadhaa, kujiona kama unajitazama kwa mbali, kukuta kitu ulichokifanya bila kukumbuka ulikifanya lini. Dodoso la DES-II lina maswali 28, na wastani wa alama 30 kwenda juu unamaanisha uchunguzi wa kina ufanyike kabla ya kugusa kumbukumbu yoyote. Sababu ni ya kiutendaji. EMDR inategemea mguu mmoja uwe kwenye kumbukumbu na mwingine uwe ndani ya chumba cha tiba. Anayehama akili hana mguu chumbani. Macho yatafuata vidole, kichwa kitaitikia, na hakuna kitakachochakatwa. Atatoka ameduwaa, na mzigo utamwangukia usiku.

Kuhusu historia yako, si lazima uisimulie yote. Mtaalamu anayejua kazi atakuomba vichwa vya habari tu: umri, nani, mahali, maneno mawili matatu. Ukianza kuingia kwenye undani atakusimamisha kwa upole, kwa kuwa bado hamjajenga cha kukushikilia. Ukikuta anayekudai usimulie kila kitu siku ya kwanza ili "utoe sumu", ondoka. Ondoka pia kwa anayekuambia kwamba dalili zako zinathibitisha ulifanyiwa jambo fulani ambalo wewe mwenyewe hulikumbuki. Mtaalamu hana haki ya kukupandikizia kumbukumbu.

Maandalizi ndiyo nusu ya huduma

Utaratibu wa EMDR una hatua 8: historia, maandalizi, kulipima tukio, kupunguza uchungu, kukazia wazo jipya, kuukagua mwili, kufunga kikao, na kutathmini upya kikao kinachofuata. Kwa mtu wa tukio moja, hatua ya maandalizi huweza kumalizika katika kikao kimoja au viwili. Kwa aliyeumizwa tangu utotoni hapa ndipo huduma zinapotofautiana kabisa.

Zoezi la kwanza karibu kila mahali ni kuwaza mahali patulivu. Kwa wateja wa aina hii linashindikana mara nyingi, na asiyelijua hilo humlaumu mteja kwamba hajitahidi. Fikiria mtoto ambaye nyumbani kwao kimya kilikuja kabla ya kipigo. Mwili wake ulijifunza kwamba utulivu ni hatari. Akiwaza ufuko wa bahari, baada ya sekunde kadhaa mtu anatokea nyuma yake. Dawa yake ni kuacha neno "salama" kabisa na kutafuta kitu kisicho na historia: kazi ya mikono anayoimudu, mnyama, mti, chombo anachokishika. Vivyo hivyo kuvuta pumzi ndefu huku macho yamefumbwa huwapandishia wengine hofu badala ya kuishusha. Hao hufaidika zaidi macho yakiwa wazi, nyayo zikikandamiza sakafu, na mdomo ukitaja vitu vitano vinavyoonekana chumbani.

Jambo dogo la kiufundi linalotambulisha fundi wa kweli: anapokukazia hisia nzuri, miendo ya macho au ya kugusa huwa ya polepole na michache, kama 6 hadi 12 hivi, kisha anasimama. Akiiacha iende haraka na kwa muda mrefu, akili huanza kuunganisha, na kutoka kwenye mti mzuri inaruka hadi kwenye nyumba uliyoikimbia.

Halafu kuna sanduku la kuwazia, la kufungia yasiyomalizika. Lijengwe kwa undani: limetengenezwa kwa nini, linafungwaje, liko wapi, nani ana ufunguo. Lijaribiwe kwa kero ndogo, ya alama 2 au 3 kwenye kipimo cha usumbufu cha 0 hadi 10, kama maneno ya mfanyakazi mwenzako, na mazoezi yafanyike nyumbani pia. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza kwa kumbukumbu mbaya kuliko zote amelivunja kabla halijatumika.

Maandalizi yachukue muda gani? Wataalamu hawakubaliani. Mwongozo wa mwaka 2012 uliotokana na maoni ya wabobezi ulisisitiza kwenda kwa awamu, utulivu kwanza. Mwaka 2016 Ad de Jongh na wenzake wakapinga kwa hoja kwamba ushahidi wa kumchelewesha mteja ni mwembamba, na kwamba kumwambia "hauko tayari" kunaweza kumthibitishia kuwa yeye ni dhaifu. Sisi tunaona pande zote mbili zina haki, na kalenda si kipimo. Kipimo ni hiki: je, unaweza kujishusha kutoka alama 5 ya usumbufu hadi 2 au 3 ndani ya dakika chache, kwa mbinu zako mwenyewe, bila mtaalamu kukuongoza? Ukiweza, songeni mbele. Huduma inayokuweka mwaka mzima kwenye mazoezi ya kupumua wakati unaweza kufanya hivyo inakukwepesha lile ulilolifuata.

Ndani ya kikao

Kikao kamili ni dakika 60 hadi 90. Chini ya hapo hakitoshi kufungua kumbukumbu na kuifunga. Mtaalamu anakaa pembeni yako kidogo, si uso kwa uso, vidole viwili vikiwa takriban sentimita 30 hadi 35 kutoka usoni. Kwanza mnaliweka tukio kwenye mizani: picha mbaya kuliko zote, wazo baya juu yako mwenyewe, wazo ambalo ungependa kuliamini, hisia, alama ya usumbufu 0 hadi 10, na mahali mwilini inapokaa. Mfano: picha ni mlango unaofungwa kwa nje, wazo ni "mimi ni mzigo", wazo jipya ni "nina haki ya kuwepo", ambalo kwenye kipimo cha kuamini cha 1 hadi 7 lina alama 2, hisia ni hofu na aibu, usumbufu ni 8, mahali ni koo na tumbo.

Kisha macho yanaanza. Mkupuo mmoja una miendo 24 hivi ya kwenda na kurudi, chini ya dakika moja. Vidole vinasimama. "Vuta pumzi. Unaona nini sasa?" Unajibu kwa sentensi moja. "Endelea na hilo." Mkupuo mwingine. Ndivyo ilivyo, na mtaalamu anayejaza nafasi hizo kwa ushauri, maelezo na pole ndefu anaukata uzi. Ukimya wake hapo ni ustadi. Mnakubaliana pia ishara ya mkono ya kusimamisha, na mnaijaribu kabla ya kuihitaji. Kwa mtu ambaye utotoni "hapana" yake haikusikilizwa, kuinua mkono na kuona mtu mzima anaacha papo hapo ni tiba tosha kwa siku ya kwanza.

Kwa nini kuzungusha macho kusaidie? Maelezo yenye nguvu zaidi kwa sasa ni kwamba akili ya muda mfupi ina nafasi ndogo. Kushika picha ya kutisha na kufuata vidole kwa wakati mmoja kunaigawa nafasi hiyo, picha inafifia, na inarudi ghalani ikiwa imefifia. Ndiyo maana kasi ikiwa ndogo mno hakuna kinachotokea, na ndiyo maana macho yakiuma unaweza kubadili ukagongwa magoti kwa zamu bila kupoteza tiba. Kama miendo ya macho inaongeza kitu juu ya kuikabili kumbukumbu peke yake, mjadala haujafungwa.

Dakika 10 hadi 15 za mwisho ni za kufunga. Zisiliwe. Ukiona mara mbili mfululizo unatoka mlangoni bado unatetemeka kwa kuwa saa imekwisha, hilo ni kosa la mpangilio wa mtaalamu, wala si ishara kwamba tiba inafanya kazi. Siku mbili tatu baadaye tarajia uchovu, ndoto nyingi, na vipande vya kumbukumbu vikijitokeza. Viandike kwa mstari mmoja: nini kilichochea, uliona nini, uliwaza nini, ulihisi nini mwilini. Usivichambue peke yako.

Yanayoharibika

La kwanza ni alama za uongo, na wanaozitoa hawakusudii kudanganya. Mtoto aliyeishi kwa kusoma uso wa mzazi ili asipigwe anakuwa mtu mzima anayesoma uso wa mtaalamu. Anaona mtaalamu anataka namba ishuke, naye anaishusha: 8, 6, 3, 1. Kila mtu anafurahi, na nyumbani hakuna kilichobadilika. Anayeujua mtego huu haishii kwenye namba. Anatazama kama bega limeshuka, kama sauti imepata uzito, kama pumzi imefika tumboni. Anauliza, "Ni nini kinachoizuia isiwe 0?" badala ya "Imefika 0?" Na tangu mwanzo anasema wazi kwamba alama isiyoshuka ni habari muhimu kwake na haimkasirishi. Kwa maoni yetu, katika yote unayoweza kuyaangalia unapochagua huduma, hili lina uzito kuliko vyeti ukutani.

La pili, kumbukumbu moja inavuta nyingine kumi. Unaanza na mlango uliofungwa, baada ya mikupuo mitano uko kwenye mazishi, kisha shuleni, kisha kwenye ndoa yako. Kwa mtu wa tukio moja njia hizo husafishwa zote. Kwako zinaweza kuwa hazina mwisho. Hapo njia hizo haziachwi huru: mtaalamu anakurudisha kwenye picha ya kwanza kila baada ya mikupuo michache, anaifupisha mikupuo, na kikao kinamalizwa hata kama alama imebaki 4. Njia nyingine ni kuanzia mwishoni: kwanza hofu ya wiki ijayo, kisha vichocheo vya sasa, na ya zamani baadaye. Inachelewa, lakini maisha ya kila siku yanapata nafuu mapema.

La tatu, wazo jipya kubwa mno. Aliyeambiwa tangu utotoni kwamba hafai hawezi kukazia "ninastahili kupendwa". Mwili unalikataa na aibu inaongezeka. "Naweza kuanza kujifunza kwamba sikustahili yale" linapita.

La nne linahusu kilichokosekana. EMDR inapenda picha, na kutelekezwa hakuna picha. Huwezi kulenga kukumbatiwa ambako hakukutokea. Hapa kasoro ya tiba ni ya kweli, na anayekuambia haipo hajakutana na kazi hii. Kinachowezekana ni kulenga hisia ya sasa, tuseme ubaridi tumboni rafiki asipojibu ujumbe, na kuuliza ni lini zamani zaidi mwili ulihisi hivyohivyo. Lakini sehemu kubwa ya kupona kwa watu hawa hutoka kwenye uhusiano wenyewe na mtaalamu: kufika kwa wakati kila wiki, kukosea na kuomba radhi, kutangaza likizo mapema badala ya kutoweka. Kufungua kumbukumbu nzito wiki moja kabla ya mtaalamu kusafiri ni uzembe.

Vifaa, mtandao na programu za simu

Taa ya kumulika kwa mstari inamfaa mtaalamu ambaye mkono unamchoka, basi. Haiongezi ubora wa tiba, na kwa mwenye kifafa mwanga unaokimbia uepukwe hadi daktari wake aseme. Vidude vya kutetemeka viganjani ni vizuri kwa anayeogopa kutazamwa. Kujikumbatia kwa mikono iliyopishana kifuani na kujigonga kwa zamu, mbinu iliyoanzishwa na Lucina Artigas akihudumia watoto wa Acapulco baada ya kimbunga Pauline, haihitaji kifaa chochote na mteja anabaki na udhibiti wote.

Vikao vya mtandaoni vinafanya kazi, kwa masharti. Uwe peke yako nyuma ya mlango unaofungwa; kioo cha simu ni kidogo mno kwa miendo ya macho, kwa hiyo tumia kompyuta au ujigonge; mtaalamu awe na anwani ya mahali ulipo na namba ya mtu wa karibu; na mkubaliane mapema mawasiliano yakikatika katikati ya mkupuo nani atampigia nani. Asiyeyauliza haya hajajiandaa.

Programu za kujifanyia EMDR mwenyewe hatuzipendekezi kabisa kwa kiwewe cha utotoni. Nukta inayotembea kwenye kioo haiwezi kuona kwamba akili yako imehama, na itaendelea kutembea.

Nani akupe, na wakati gani usubiri

Chama cha kimataifa cha EMDR, EMDRIA, kinataka mafunzo ya msingi yawe na angalau saa 20 za darasani, 20 za mazoezi yanayosimamiwa na 10 za kujadili wateja halisi na mshauri mzoefu. Uliza moja kwa moja kama amemaliza zote, maana wapo waliokaa darasani mwishoni mwa wiki moja. Kisha uliza: "Unafanyaje mteja akihama akili katikati ya kikao?" Jibu lenye hatua, kwa mfano kusimamisha miendo, kumwita kwa jina, kumwelekeza kwenye chumba na tarehe ya leo, linakutosha. Jibu la "haijawahi kutokea" linakutosha pia, kwa kuondoka.

Idadi ya vikao: miongozo ya tukio moja husema takriban 8 hadi 12. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka muda na vikao viongezwe kwa mwenye mahitaji changamano. Anayekuahidi vikao 6 kwa utoto mzima anakuuzia kitu ambacho hana.

Kama hisia zako zinalipuka kiasi kwamba huwezi kushika kazi wala uhusiano, STAIR, tiba ya stadi za kutawala hisia ya mwanasaikolojia Marylene Cloitre, inaweza kukufaa kwanza: katika utafiti wake wa mwaka 2002 kwa wanawake walionyanyaswa utotoni, vikao 8 vilikuwa vya stadi za kutawala hisia na uhusiano, na 8 vya kuikabili kumbukumbu. Na kama maisha yako ni mlolongo wa matukio usiojua lipi lilitangulia, tiba ya masimulizi, inayotandika kamba sakafuni na kuweka mawe kwa mabaya na maua kwa mema kufuata miaka, inaupa mlolongo huo mpangilio kwa namna ambayo EMDR haifanyi.

Subiri kwanza kama bado unaishi na anayekuumiza, kwa kuwa mwili hauwezi kuacha kujihami na haupaswi. Subiri kama umejaribu kujiua hivi karibuni na hakuna mpango wa usalama; huo mpango ndio huduma unayoihitaji wiki hii, na mawazo hayo yakikujia leo mpigie mtu unayemwamini au nenda kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja miadi. Mweleze mtaalamu dawa zote unazotumia, hasa za usingizi na za kutuliza wasiwasi za jamii ya benzodiazepini, zinazoweza kufifisha hisia kiasi cha kuchakata kukosa nguvu. Usiziache ghafla kwa ajili ya tiba, mwone aliyeziandika. Na kama unakusudia kutoa ushahidi mahakamani juu ya yaliyokupata, zungumza na wakili kabla ya mkupuo wa kwanza, kwa sababu kumbukumbu iliyochakatwa hupoteza ukali wa picha na upande wa pili unaweza kuitumia hali hiyo dhidi yako.